Matundu Niliyoyaruka

Tekla mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu sasa hivi nimekuona ukitoka hapa mlangoni na kanga yangu begani, unakwenda kusukwa kwa jirani yetu mama Hadija. Umesema utakaa masaa matatu, labda manne. Nimelisogeza sanduku lako kwa mguu, nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu ambalo bado lina kurasa tupu. Naandika kwa sababu kila nikianza kukuambia jambo hili kwa mdomo, mmoja wetu hukumbuka kazi jikoni.

Mambo ya koti, dawa na kupiga simu tumeshayasema, na mjomba wako Beda ameyarudia mpaka umecheka. Yaliyobaki utaambiwa na wenzako wa kiwandani huko Polandi. Barua hii ni ya kitu kingine. Ni ya siku ile ulipokuwa na miaka kumi na mitano, umesimama hapo hapo penye jiko, ukaniambia, "Ulikuwa na mwanaume wako mjini. Ndiyo maana hukuja kuniona. Kila mtu kule Nyandira anajua."

Nilikuwa naosha vyombo. Nikaendelea kuosha. Nakumbuka nilikisugua kikombe kimoja mpaka maji yakapoa, nawe ukasubiri nikanushe, nikanyamaza, ukaenda kulala. Kesho yake tulisalimiana kama kawaida, na hatukulitaja tena. Miaka saba sasa umeishi na jibu ambalo mimi sikulitoa, ila nililiacha likae.

Hapakuwa na mwanaume, Tekla. Baba yako alikuwa ameshahamia Dakawa na maisha yake mengine, na mimi sikuwa na mtu. Nilikuwa na ubavu wa mkia wa ndege.

Ngoja nianze mwanzo. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu nilipopata kazi katika ile karakana ya hapa Kihonda, ile ambayo siku hizi ni ghala la mbolea. Ilikuwa ndogo, watu kumi na watano tu. Tulitengeneza mikia ya ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani. Mikia ikiisha ilipakiwa kwenye lori kwenda Arusha, na huko ndiko ndege zenyewe zilikounganishwa. Chumba nilichopanga kilikuwa cha kitanda kimoja, na kazi ilianza alfajiri. Nikakuacha kwa bibi yako kule Nyandira, mlimani. Nilijiambia ni miezi michache. Kila baada ya wiki mbili nilipanda, na kila nikishuka nilikuwa na harufu yako kwenye gauni hadi Jumatano hivi.

Kazi yangu ilikuwa matundu ya mbavu, yale mabati membamba yanayoushikilia mkia kwa ndani. Wenzangu walitoboa mabati ya alumini kwa drili, mimi nikapita nyuma yao. Drili ikitoka upande wa pili wa bati huacha vijimeno kwenye ukingo wa tundu, vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuviona. Ukiviacha, bati likitetemeka angani siku nyingi, ufa huanzia hapo. Wewe unayajua haya kuliko mimi sasa, lakini wakati ule mimi nilikuwa binti wa kupanda kabichi, sijawahi hata kushika tupa. Aliyenifundisha ni mkaguzi wetu, Mzee Salehe, mtu wa hapa hapa mjini aliyejifunza ufundi wa chuma kwenye karakana ya reli. Alikuwa na kipande cha pamba kwenye mfuko wa shati. Ukimwambia umemaliza, anaipitisha ile pamba taratibu kwenye ukingo wa kila tundu. Ikinasa uzi mmoja tu, anakurudishia bila neno.

Miezi ya kwanza alinirudishia kila siku. Nililia chooni. Baadaye ncha ya kidole changu ikaanza kujua kabla ya pamba yake. Nilifumba macho, nikazungusha kidole, nikaambiwa na bati lenyewe palipobaki. Mwaka ulipotimia Mzee Salehe akaacha kuzipima mbavu zangu. Mimi nilisaini kadi ya kazi, naye akagonga muhuri wake chini ya jina langu bila kutoa pamba mfukoni. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile, na nilitembea nayo mabegani kama kitenge kipya.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, mchana umeshapita. Mjomba Beda alipiga simu karakana, kwa sababu mimi sikuwa na simu. Alisema, "Dada, mtoto ana homa kali. Jana jioni amekakamaa mwili. Njoo." Mezani kwangu palikuwa na ubavu wa nne wa mkia, na mstari wa mwisho wa matundu ulikuwa bado. Lori la mwisho la mboga lilikuwa linarudi mlimani saa kumi, na kama nisingelipata, ningesubiri mpaka Jumamosi mchana. Nilitazama ule mstari. Nilikuwa na uwezo wa kumwita mtu nikamwambia, haujaisha, nimeuacha. Ingenichukua dakika moja. Badala yake nikachukua kalamu, nikasaini kadi, nikakimbia.

Nilipanda juu ya magunia matupu pamoja na wanawake wawili wa Mgeta waliokuwa wakirudi sokoni. Tulipoiacha barabara kuu kule Mzumbe na kuanza kupanda, ukungu ulishuka, na mimi nilikuwa nahesabu kona. Nilikukuta kwa masista, zahanati ya misheni, umelazwa kwa ubavu, midomo imekauka. Sista akaniambia umeshapewa dawa, tusubiri. Tulisubiri. Jumapili asubuhi uliamka ukadai viazi. Bibi yako akakucheka huku machozi yanamtoka.

Nilikushika siku ile nzima. Wewe huwezi kukumbuka. Mimi nakumbuka hata kifungo cha gauni lako kilichokuwa kimelegea.

Jumatatu niliporudi kazini nilikwenda moja kwa moja mezani kwangu, nimalizie. Ubavu haukuwepo. Walikuwa wameshaufunga ndani ya mkia, bati la juu limelazwa, riveti, vile visumari vya kubana mabati, zimepigwa mstari mmoja baada ya mwingine, rangi ya kwanza imepakwa. Jumanne lori likaondoka nao kwenda Arusha. Nilisimama getini nikalitazama likikata kona.

Ningependa kukuambia kwamba nilikwenda kusema siku ile ile. Sikwenda. Nilikaa Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Niliogopa kufukuzwa, na hilo ni kweli, lakini zaidi niliogopa kuona uso wa Mzee Salehe. Nilijifariji kwamba ni mstari mmoja tu, na labda vijimeno havikuwa vingi, na labda drili ilikuwa mpya siku ile. Kichwa cha mtu mwenye kosa kinafanya kazi sana. Kisha Alhamisi mchana tukiwa tunakula, mmoja wa mafundi akasema rubani wa ile ndege ni yule kijana aliyekuja kututembelea, yule aliyezunguka karakana nzima akitupa mkono mmoja mmoja na kutuuliza majina. Alisema wiki ijayo ataanza kuirusha. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani.

Ijumaa Mzee Salehe alikuwa kwenye bomba la uani anatawadha aende msikitini. Nilimfuata pale.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama Tekla. Mbona uso huo?"

"Ule ubavu wa nne wa mkia uliokwenda Arusha. Mstari wa mwisho sikuusafisha."

Akafunga bomba. "Matundu mangapi?"

"Kumi na mawili. Labda kumi na manne."

"Na kadi?"

"Nilisaini."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile, Mzee."

"Siku saba," akasema. Hakupandisha sauti. Maji yanamtiririka viwikoni, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mtoto amepona?"

"Amepona."

"Alhamdulillahi." Akaingia ofisini kwa bosi na miguu yake bado ina maji. Ijumaa ile hakuwahi msikitini. Alikuwa kwenye simu na Arusha.

Ndege haikuruka. Mkia ulifunguliwa ukarudishwa kwa lori lile lile, na sisi tukazitoboa riveti zote tulizokuwa tumezipiga, moja moja, tukalifunua bati la juu. Matundu yalikuwa kumi na manne. Bosi aliyatazama kwa kioo cha kukuzia, mimi nimesimama pembeni. Vijimeno vilikuwepo kwenye yote. Ufa haukuwepo hata mmoja, kwa kuwa mkia haukuwa umeruka. Jioni nilimwuliza Mzee Salehe, "Ingeanguka?" Akasema, "Sijui. Na wewe hutajua." Mpaka leo sijui, Tekla. Pengine ingeruka miaka ishirini bila neno. Yule rubani sikumwona tena, na sidhani aliambiwa jina langu.

Sikufukuzwa. Nilinyang'anywa ruhusa ya kusaini, nikaonywa kwa maandishi. Lakini Mzee Salehe alimwambia bosi mbele yangu, "Muhuri ni wangu. Mimi ndiye niliyeacha kupima." Bosi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wateja wa kuwajibu. Alimvua ukaguzi. Mzee mwenye mvi, aliyekuwa akiitwa mkaguzi na kila mtu, akaletwa kukaa meza ya jirani na yangu, kusafisha matundu kama mimi. Alikuja na mto wake mdogo wa kukalia, akaniambia, "Sogea kidogo," akaanza kazi. Hakunilaumu siku hiyo wala siku nyingine. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Hapa ndipo nafika kwenye lile lililokuuma.

Hakuna aliyeniambia nifanye kazi Jumamosi na Jumapili. Nilijipangia mwenyewe. Tulikuwa tunatengeneza mkia mwingine badala ya ule, na mimi niliomba funguo, nikawa naingia kila mwisho wa wiki, nasafisha, narudia, nasafisha tena matundu ambayo tayari yalikuwa safi. Nilijiambia nitapanda kwako nikimaliza ule mkia. Ukaisha, nikajiambia nitapanda nikirudishiwa kusaini. Nilimtumia bibi yako unga na sabuni kwa lori la mboga, na kagauni ka njano. Miezi mitano, Tekla. Kule Nyandira watu waliona mizigo inakuja bila mwenyewe, wakatunga mwanaume. Siwalaumu.

Nilidhani ninatubu. Nilikuwa najificha. Kukushika wewe kulinikumbusha kwamba nilikushika huku ule mstari umeachwa mezani, na sikujua nikae vipi na mambo hayo mawili kwenye mapaja yangu kwa pamoja. Karakana ilikuwa rahisi. Bati halikuulizi ulikuwa wapi.

Aliyenitoa ni Mzee Salehe. Ilikuwa Jumamosi, amekuja kuchukua miwani aliyoisahau. Akanikuta peke yangu.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Umemwona lini?"

Nikaanza kuhesabu miezi. Akaichukua tupa mkononi mwangu, akaiweka rafuni, juu ambako mimi sifiki. "Nenda," akasema. "Kwangu mimi umeshasema. Yameisha. Nenda kwa mwanao."

Nilifika Jumapili baada ya misa. Ulikuwa uani unacheza na maganda ya njegere, umevaa lile gauni la njano, limeshakuwa fupi. Uliponiona ulisimama, ukakimbilia nyuma ya bibi yako, ukashika sketi yake. Ukasema, kwa sauti nzuri kabisa, kama ulivyofundishwa, "Bibi, kuna mgeni."

Sitakuandikia nilivyojisikia. Nimejaribu mara mbili hapa na nimechana karatasi.

Nilitaka kukuchukua siku ile ile. Bibi yako alinijibu kwa Kiluguru, kama afanyavyo akikasirika, kwamba hataniruhusu nikuchukue nikakufungie chumbani na kwenda kutoboa mabati. Tukamwita mjomba Beda, kwa sababu kwetu wewe ni wa ukoo wangu na kaka yangu ndiye mwenye neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwake nilieleza yote, naye ndiye mtu pekee wa nyumbani aliyejua, na amelifunga kinywani mpaka leo kwa sababu nilimwomba. Akasema, "Mtoto atabaki mpaka aanze shule. Wewe utakuja kila Jumapili. Usikose hata moja. Tutaona."

Basi nilikuja. Mvua za masika, njia imekatika, nilishuka kwenye gari nikatembea kwenye tope mpaka magotini. Ulinikubali pole pole. Kwanza ulikaa mbali ukinitazama nikiosha karoti mtoni. Kisha ukakaa karibu ila hukutaka nikuguse. Jina langu kwako lilikuwa "mama mgeni", na bibi yako alipojaribu kukusahihisha nilimwambia aache.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mwiba. Ulikuwa umekanyaga mwiba siku mbili nyuma. Bibi yako alikuwa ameutafuta kwa sindano mpaka ukawa unapiga kelele ukiiona sindano tu. Macho yake hayakuona kitu na yangu pia. Nikakuambia, "Nipe mguu, sina sindano." Ukataka nikuonyeshe viganja, nivigeuze huku na huku, ukahakikisha. Kisha ukanipa mguu. Nikafumba macho, nikapitisha ncha ya kidole kwenye unyayo wako, taratibu, kama kwenye ukingo wa tundu. Nikaupata. Ulikuwa umelala chini ya ngozi, si pale walipokuwa wakichimba, pembeni kabisa. Niliubana kwa kucha mbili ukatoka mzima.

Uliutazama ule mwiba, ukanitazama, ukasema, "Mama mgeni, na mguu huu mwingine." Mguu mwingine haukuwa na kitu. Nikautafuta hivyo hivyo, muda mrefu, mpaka ukasinzia.

Siku uliyoacha kulitaja lile neno la pili siikumbuki. Ningeijua ningeiandika mahali. Siku moja tu niligundua kwamba ninaitwa mama, na kwamba imekuwa hivyo kwa muda.

Yaliyofuata unayajua. Ulikuja Kihonda kuanza darasa la kwanza. Karakana ikafungwa, Mzee Salehe akafariki ukiwa la tatu, ndiye yule babu niliyekupeleka kumzika ukaniuliza mbona nalia sana na si ndugu yetu. Mimi nikaingia kwenye madirisha na milango ya alumini, na wateja wananicheka hadi leo ninavyosafisha matundu ya fremu za madirisha ambayo hayataruka popote.

Kwa nini sikukujibu ukiwa na miaka kumi na mitano? Kwa sababu niliona nikikuambia, utasikia kwamba nilisaini uongo kwa ajili yako, na utabeba kitu ambacho si chako. Nikaona bora ubebe hasira. Nilikosea. Hasira yako nimekaa nayo nyumba moja miaka saba, hata tulipocheka ilikuwa inakaa katikati yetu kama mtu wa tatu. Ile homa ilikuwa yako. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi.

Wiki iliyopita ulinionyesha kwenye simu kile kiwanda unachokwenda. Mashine inachukua tofali zima la alumini, inachonga, inachonga, vipande vinaruka kama mvua, mpaka kinabaki kitu chembamba chenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, ukasema kitakwenda kwenye chombo cha angani. Ukaniambia, "Mama, kila gramu inahesabiwa, hakuna chuma cha ziada cha kubeba kosa la mtu." Nilitikisa kichwa nikatoka nje kuanua nguo. Nilitoka kwa sababu hiyo. Nilitaka kukuambia pale pale nikashindwa.

Utakosea huko. Sikuombei usikosee, nimeishi muda wa kutosha. Siku ikifika, jua kwamba kusema kutakuuma saa moja, na mimi nilingoja siku saba nikaumwa zote saba pamoja na ile saa moja. Lakini hilo naamini ungelifanya hata bila mimi, wewe si mwoga. Ninalokuomba ni la baadaye. Ukishasema, usijifungie. Usikae huko kwenye baridi ukijitumikisha Jumapili baada ya Jumapili, huku ukijiambia utanipigia simu mambo yakikaa sawa. Nipigie yakiwa hayajakaa. Nipigie huku unalia, hata kama huwezi kusema neno, nitajua ni wewe. Mimi niliipoteza miezi mitano ya umri wako wa miaka mitatu, na hakuna siku ambayo sijaitamani. Nikiona mtoto wa umri ule sokoni anapinda shingo kutafuta mama yake, bado nasimama.

Bibi yako ameuliza kama ndege yako itapita juu ya milima. Nimemwambia sijui. Amesema atatoka nje hata hivyo.

Nasikia sauti yako kwa mama Hadija, unacheka. Nitaiweka barua hii chini ya sweta la bluu, usiione mpaka ufike. La, nimebadili. Nitakupa mkononi ukirudi, usome nikiwa nyumba hii hii, na ukitaka kunikasirikia unikasirikie tukiwa pamoja. Nitakuwa jikoni, na leo sitaosha chombo chochote.

Kesho pale stesheni ya treni ya kukupeleka kwenye ndege, wasindikizaji tunaishia kwenye mlango wa ukaguzi. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba ukishapita usigeuke nyuma, uende tu, usinione nikilia. Nimeufuta huo mstari. Geuka, mwanangu. Geuka nikuone uso.

Mama yako